Joto, Halijoto na Kukata: Uhakiki wa Istilahi za Udhibiti katika Vifaa vya Kupasha Joto

Katika jitihada za kukiwezesha Kiswahili kubeba elimu ya sayansi na ufundi, kazi ya kuunda istilahi imekuwa mara nyingi kazi ya mezani. Orodha ya maneno ya kigeni huwekwa upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili hutafutiwa neno la Kiswahili moja baada ya jingine, hadi orodha iishe. Njia hii imetupatia istilahi nyingi zinazotufaa, wala si nia yetu kuibeza. Lakini zipo mada ambazo ndani yake udhaifu wa njia hii huonekana waziwazi, na mojawapo ni udhibiti wa halijoto: yaani jinsi pasi ya umeme, oveni, hita ya maji au mashine ya kutotolesha vifaranga inavyojiwasha na kujizima yenyewe ili isipoe mno wala isiunguze. Makala haya yanakusudia kuzihakiki istilahi zinazotumika katika mada hiyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba baadhi yake humpotosha mtumiaji, ilhali maneno yaliyo bora kuliko hizo yamekwisha kuzaliwa katika vinywa vya mafundi.

Mfano wetu tumeuchukua Kariakoo. Mtu akitoka Uwanja wa Mnazi Mmoja, akauvuka Mtaa wa Lumumba na kuingia sokoni, hayuko mbali na maduka yanayouza vifaa vya aina hii, na jirani na maduka wako mafundi wanaovitengeneza vinapoharibika. Huko vifaa hivi huzungumzwa kutwa kucha, na huko ndiko istilahi inakopata hukumu yake: ama hutumiwa, ama hubaki kitabuni.

Jambo lenyewe

Kabla ya kuyahukumu maneno hatuna budi kukubaliana juu ya jambo linalotajwa. Tuanze na pasi ya mkaa. Pasi hiyo haina chombo chochote cha kuidhibiti. Mdhibiti ni mpiga pasi mwenyewe. Hugusa kitako chake upesi kwa kidole kilicholowa, hulinganisha ukali wake na nguo iliyo mbele yake, kisha huamua. Ikiwa imepoa huipepea makaa yakolee. Ikiwa imezidi huipitisha juu ya jani bichi la mgomba au huiweka kando kwa muda. Halafu huigusa tena. Hapa pana mambo matatu yanayofuatana, kisha huanza upya: kupima, kulinganisha, kusahihisha. Mzunguko huo ndio udhibiti. Ukiondoa jambo moja tu, mzunguko huvunjika, na nguo huungua.

Pasi ya umeme hufanya yayo hayo bila mtu. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizounganishwa pamoja, ambazo hazitanuki sawasawa zinapopata joto. Kwa kuwa moja hutanuka kuliko mwenzake, utepe hupinda. Ukipinda vya kutosha hutenganisha vigusano na mkondo wa umeme hukatika. Pasi ikipoa utepe hunyooka, vigusano hukutana, na taa ndogo huwaka tena. Kitufe cha kuzungusha kilicho juu ya pasi hakiongezi nguvu ya umeme wala hakiipunguzi. Kinasogeza tu mahali ambapo utepe utakata. Ndiyo maana katika alama za kimataifa za utunzaji wa nguo, nukta moja huwakilisha halijoto ya chini, nukta mbili ya wastani, na nukta tatu ya juu. Nukta hizo ni mipaka ya halijoto, si vipimo vya nguvu.

Elimu hii si ngeni kwa wafugaji wa kuku. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyeishi kati ya 1572 na 1633 na kufanya kazi Uingereza, alibuni tanuri la kutotoleshea mayai ambalo umajimaji ulipotanuka kwa joto uliisukuma zebaki, na zebaki ikapunguza hewa iliyoingia motoni. Mwaka 1830 Andrew Ure, mwanasayansi wa Uskoti, alipata hataza ya kifaa cha utepe wa metali mbili, na akakiita kwa jina lililoungwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya joto na la pili kusimama. Jina hilo ndilo themostati ya leo. Msomaji aone kwamba jina la asili halikusema kifaa kinaongeza joto au kinapunguza. Lilisema kinalisimamisha.

Joto na halijoto

Kasoro ya kwanza tunayoiona ni kutotofautisha joto na halijoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye moto kwenda kitu kilichopoa; halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo cha moto au baridi. Kikombe cha chai na sufuria ya chai huweza kuwa na halijoto moja, lakini sufuria imehitaji joto jingi zaidi kuifikia. Maandishi yetu ya sayansi yamekuwa na neno halijoto, na katika baadhi ya vitabu jotoridi, kwa ajili ya kulinda tofauti hii. Hata hivyo katika karatasi za maelekezo na katika alama zinazobandikwa juu ya vifaa, neno linaloandikwa karibu na kitufe ni joto, na kitenzi kinachoandamana nalo ni kuongeza.

Madhara yake si ya nadharia tupu. Mtu aliyesoma kwamba kitufe huongeza joto hukizungusha hadi mwisho akiamini kwamba pasi itapata moto upesi. Haipati. Pasi ya wati 1,000 hupokea wati 1,000 zile zile, kitufe kiwe kwenye nukta moja au tatu. Tofauti ni kwamba kwenye tatu haitakata mapema, na nguo ya nailoni itayeyuka kabla mwenyewe hajakumbuka kukirudisha. Dhana hii potofu haikuzaliwa na Kiswahili peke yake. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Willett Kempton, alieleza jinsi watu wa huko nao walivyokifikiria kidhibiti cha joto la nyumba kana kwamba ni bomba la maji, kwamba ukilifungua zaidi maji hutoka kwa wingi. Basi kosa la fikra liko tayari kichwani mwa mtumiaji. Istilahi njema ingepaswa kulizuia, yetu inalipalilia.

Je, kidhibitijoto nalo tulitupe? Wapo wanaotaka hivyo, wakidai kwamba kinachodhibitiwa ni halijoto. Hatukubaliani nao. Neno kipimajoto lina kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa kinachopimwa nacho ni halijoto, na hakuna aliyepotea kwa sababu yake. Ndani ya neno lililoungwa, joto linaweza kusimama badala ya halijoto kwa ufupi, na masikio yamekwisha kulizoea. Hatari iko pale joto linaposimama peke yake mbele ya tarakimu na kitufe. Kwa hiyo tunapendekeza kidhibitijoto kibaki, lakini kwenye kitufe iandikwe weka halijoto, wala isiandikwe ongeza joto.

Mkengeuko si kosa

Kasoro ya pili imo katika jina la tofauti iliyopo kati ya halijoto inayotakiwa na ile iliyopimwa. Tofauti hiyo ndiyo chakula cha kidhibiti. Bila hiyo hakina la kufanya. Lugha za kigeni huiita kwa neno lenye maana ya kosa, nasi tumelifuata: tunakutana na kosa, na mahali pengine hitilafu. Maneno yote mawili hayafai. Kosa hutaka mkosaji. Hitilafu, kwa mtumiaji wa umeme wa Tanzania, ni jambo moja tu: kitu kimeharibika. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba hitilafu ya mashine ni nyuzi 2 ataitafuta bisibisi, na hali mashine ni nzima na ndiyo kwanza imewashwa.

Tunapendekeza mkengeuko. Neno hili linasema kwamba kitu kiko pembeni ya njia iliyokusudiwa, bila kumlaumu mtu wala kukitilia chombo shaka. Sambamba nalo, halijoto inayotakiwa iitwe halijoto lengwa, na ile iliyopo iitwe halijoto pimwa. Sentensi ya msingi ya mada nzima itakuwa fupi na nyofu: mkengeuko ni halijoto lengwa ukitoa halijoto pimwa.

Mrejesho hasi

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Habari ya halijoto inayotoka kwenye kitu kinachopashwa na kurudi kwenye kidhibiti huitwa mrejesho, na neno hilo ni zuri, kwani linaonyesha mwendo wa kurudi. Balaa huanza tunapoligawa katika mrejesho hasi na mrejesho chanya. Katika hesabu na umeme, hasi na chanya ni ishara tu. Lakini nje ya darasa la hesabu maneno haya yamekwisha kuvaa maana ya ubaya na wema. Katika semina na mikutano, mrejesho chanya ni sifa na mrejesho hasi ni lawama.

Katika udhibiti mambo ni kinyume kabisa. Mrejesho unaoitwa hasi ndio unaokiokoa kifaa: halijoto ikipanda, kidhibiti hushusha, ikishuka, hupandisha. Harold Black wa Marekani alipoutumia katika vikuza sauti vya simu mwaka 1927, alipata mitambo iliyotulia kuliko ile ya awali. Mrejesho unaoitwa chanya ndio wa kuogopwa: halijoto ikipanda, husababisha ipande zaidi, kama moto unaojipepea wenyewe. Mwanafunzi anayeingia darasani na Kiswahili chake cha kila siku ataelewa kwamba mashine nzuri ni ile yenye mrejesho chanya, na hatakuwa na hatia. Istilahi inayomfanya msomaji mwangalifu aelewe kinyume cha ukweli imeshindwa kazi yake, hata kama kila neno lake limetafsiriwa kwa usahihi.

Tunapendekeza mrejesho kinzani kwa ule unaoipinga hali iliyotokea, na mrejesho chochezi kwa ule unaoichochea. Ishara za kutoa na kujumlisha zibaki katika milinganyo, mahali pake panapofaa.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika wodi za watoto njiti. Katika baadhi ya mashine za kuwatunza watoto hao, kihisi hubandikwa juu ya ngozi ya mtoto, na hita hufuata habari ya kihisi hicho ili mtoto abaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kihisi kikibanduka na kuning'inia hewani, mashine haijui. Inapima hewa iliyo baridi kuliko mtoto, inaona mkengeuko mkubwa, nayo inaongeza moto juu ya mtoto ambaye tayari ana joto la kutosha. Mrejesho umekatika, ingawa kila kipande cha mashine ni kizima. Muuguzi aliyefundishwa kwamba mashine inajua joto la mtoto hatakuwa na sababu ya kukitazama kihisi. Yule aliyefundishwa kwamba mashine inajua tu kile ambacho kihisi kimeirejeshea atakitazama kila apitapo.

Maneno ya mafundi

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani. Friji linaponguruma mchana kutwa bila kupumzika, mwenyewe humwambia fundi kwamba friji halikati. Pasi inayounguza kila nguo nayo haikati. Katika neno hilo moja msemaji ameieleza kazi ya kidhibiti, ameutaja ugonjwa wake, na ameonyesha pa kuanza kutafuta. Hakuna haja ya kumfundisha neno jipya. Kinachohitajika ni kulichukua lake na kulipanga.

Kidhibiti cha namna hii hakikati na kuwasha kwenye kiwango kimoja. Kingefanya hivyo, vigusano vingekuwa vikifunguka na kufumba mfululizo hadi viungue. Kwa hiyo huachiwa nafasi: mashine ya kutotolesha huweza kupangwa ikate kwenye nyuzi 37.8 na kurudi kwenye nyuzi 37.5. Katika orodha za istilahi nafasi hiyo hupewa jina la kukopwa ambalo halimwambii mfugaji chochote. Kwa nini tusiseme halijoto ya kukata, halijoto ya kurudi, na kati yake pengo la mkato? Yote matatu yanatokana na vitenzi vinavyosemwa tayari. Na aina yenyewe ya udhibiti iitwe udhibiti wa kukata.

Neno la pili ni kupitiliza. Hita ikisha kukatwa bado ina joto ndani yake, na halijoto huendelea kupanda kwa muda. Ikiwa kihisi kiko mbali na hita, hupanda zaidi. Abiria wa daladala aliyekusudia kushuka Mnazi Mmoja akajikuta Kariakoo husema amepitiliza. Ndivyo ilivyo halijoto iliyovuka lengo kabla ya kurudi. Kwa mayai ya kuku, ambayo katika mashine yenye feni huhitaji takriban nyuzi 37.5 kwa siku 21, kupitiliza ni hatari kuliko kupungukiwa, kwani kiinitete huvumilia ubaridi wa muda mfupi kuliko joto lililozidi. Mfugaji anayelijua neno kupitiliza atajua pia kwamba tarakimu aliyoiweka siyo kilele ambacho mayai yatafikia. Atapima mwenyewe, kwa kipimajoto cha pili, kabla ya kuyaingiza.

Neno la tatu ni kuseti. Hili limekopwa waziwazi, na wapo watakaolikunjia uso. Hata hivyo linatenda kazi ambayo kuongeza halikuiweza: anayeseti nyuzi 38 anajua kwamba anaweka lengo. Katika maandishi rasmi tungependelea kuweka, lakini hatuoni faida ya kulifukuza kuseti mahali linapomwepusha mtu na kosa.

Mpaka wa maneno hayo

Uhakiki ungekuwa wa upande mmoja kama tungesema kwamba karakana inatosha. Lugha ya fundi ni tajiri pale kazi yake ilipo, na huishia hapo. Vidhibiti vya kielektroniki vya namna nyingine havikati. Hupunguza kidogo kidogo. Anayevieleza kwa neno kukata atapotoka kama yule wa kuongeza joto. Hapa ndipo kazi ya mezani inapohitajika.

Nicolas Minorsky alizieleza kanuni za vidhibiti hivi mwaka 1922, alipochunguza uongozaji wa meli, na mwaka 1942 Ziegler na Nichols walitoa njia ya kuvirekebisha ambayo ingali inafundishwa. Kanuni ni tatu. Ya kwanza hutoa nguvu kulingana na mkengeuko: kadiri mkengeuko ulivyo mkubwa, ndivyo hita inavyopewa umeme mwingi. Tunapendekeza iitwe udhibiti wa kadiri, kwa sababu neno kadiri tayari limebeba muundo wa sentensi hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hutulia karibu na lengo bila kulifikia. Ya pili huondoa baki hilo kwa kuujumlisha mkengeuko muda wote unaodumu, mfano wa deni dogo ambalo halijalipwa na linazidi kuongezeka. Iitwe udhibiti wa limbikizo. Ya tatu hutazama kasi ya mabadiliko na kuanza kuzuia kabla lengo halijafikiwa. Iitwe udhibiti wa kasi. Mpishi wa wali huzijua zote tatu bila majina. Mwanzo huacha moto mkali. Wali ukikaribia kukauka hupunguza makaa ya chini na kupalia machache juu ya mfuniko. Na akiuona unakauka upesi kuliko kawaida huuepua mapema, hangoji harufu ya kuungua.

Hitimisho

Kutokana na haya, tunaona kwamba istilahi za mada kama hii haziwezi kuundwa moja moja. Kidhibiti, kihisi, halijoto lengwa, mkengeuko na mrejesho ni viungo vya mzunguko mmoja. Jina la kimoja likiharibika, maelezo ya vyote huharibika. Kwa hiyo, kabla ya orodha kupitishwa, iandikwe kwanza aya moja inayokieleza kifaa kinapofanya kazi, na isomwe na mtu anayekitumia. Akielewa kinyume, istilahi irudishwe mezani hata kama inalingana neno kwa neno na ile ya kigeni.

Vilevile ukusanyaji uanzie karakana. Tumezoea kusema kwamba istilahi hutafutwa kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kukopa. Lakini ndani ya Kiswahili si ndani ya kamusi peke yake. Fundi anayeiunganisha hita ya maji moja kwa moja na umeme kwa sababu themostati yake imekufa anafanya jambo linaloweza kumuua mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulikubali kwa kuwa ameambiwa kwamba maji yatapata moto vizuri zaidi. Angeambiwa kwamba hita hiyo sasa haikati, angelielewa mara moja, na pengine angelikataa. Neno hilo analo tayari. Ni wajibu wetu kuliandika kwenye karatasi anayopewa.

Tunawaalika walimu wa ufundi, wauguzi, wafugaji na mafundi wenyewe walete maneno wanayoyatumia, pamoja na maelezo ya kazi yanayoifanya, ili mapendekezo haya yapimwe, yalinganishwe na kusahihishwa.